Wiki Tuliyompeleka Mama Ziwani

Wazo la safari lilikuwa la kaka yangu. Nalisema mapema kwa sababu kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba lilikuwa langu, na mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini hivyo. Ukweli ni kwamba alinipigia simu Jumapili moja baada ya ibada, akaniuliza mama yetu ameliona ziwa mara ya mwisho lini. Mama alizaliwa Muleba, mahali ambapo unatoka nyumbani kwa miguu na kufika majini kabla jasho halijakutoka. Akaolewa huku Karagwe akiwa binti, na tangu alipokwenda kumzika mama yake mzazi hakuwa amerudi tena. Kaka akasema mama anazeeka, magoti yanamsumbua, afadhali tumpeleke angali anatembea. Yeye mwenyewe asingeweza kuja. Alitaka kuzitumia siku hizo kubadilisha paa la nyumba ya mama, lililokuwa likivuja kila masika, na kazi ya namna hiyo haiendi vizuri mzee akiwa ndani.

"Wewe dada ndiye unayejua kuendesha," aliniambia. "Panga unavyotaka. Gari nitalipia mimi."

Nafundisha sekondari huku Kyerwa, na likizo ya katikati ya mwaka ilikuwa imekaribia. Mdogo wangu wa kike, wa mwisho kwetu, anafanya kazi ofisini Bukoba, naye akasema ataomba likizo aje nasi. Tukawa watatu: mama, mimi na yeye. Mwanzoni nilifikiria gari dogo la kawaida na kulala nyumba za wageni, lakini mama alikataa. Alisema hajawahi kulala kitanda ambacho hajui nani alikilalia jana, na hataanza uzeeni. Ndipo mdogo wangu akasema amesikia kuna mtu Kayanga mwenye gari la kulala.

Lilikuwa Hiace jeupe lililoinuliwa paa. Mwenyewe alilinunua kwa wazungu waliokuwa wakizunguka nalo nchi tatu, akawa analikodisha kwa watafiti na maharusi. Nyuma kulikuwa na kitanda kimoja kipana, mbele yake benchi linalofunguka na kuwa kitanda cha pili, na pembeni jiko la gesi la mafiga mawili na sinki dogo la kukanyaga kwa mguu ndipo maji yatoke. Madirisha yalikuwa na mapazia ya maua. Mlango wa ubavuni ulikuwa mgumu, ukitaka kuufunga lazima uubamize kwa bega. Mama alipolikagua mara ya kwanza alifungua kila kabati, akanusa godoro, akasema ni safi.

Nyumbani kwetu ni Nyabiyonza. Baba alituachia kibanja kinachoanzia barabarani na kupanda hadi kwenye nyumba, migomba juu na mibuni chini ya migomba, kama vibanja vyote vya huku. Sehemu ya karibu na barabara ndiyo aliyoanza nayo alipooa. Mibuni ya pale aliipanda yeye na mama, mmoja akichimba na mwingine akishika mche, na mama alikuwa akiivuna kwa mikono yake hadi mwaka ule. Kaburi la baba liko nyuma ya nyumba. Kaka anaishi kilima cha pili, mwendo mfupi tu, na ndiye aliyekuwa akimwangalia mama siku zote hizo ambazo sisi tulikuwa mbali. Hilo sitaki kulificha. Dawa za mama alizifuata yeye. Kuni alipeleka yeye.

Siku moja kabla ya kuondoka tulikutana wote kwa mama. Nilikuwa nimekaa uani namenya ndizi za mchana, vidole vimeshika utomvu, mdogo wangu alipokuja na karatasi kwenye bahasha ya kaki. Akasema ni za mwenye gari, kwamba kila atakayesafiri lazima asaini kwa ajili ya bima. Alikunja ile ya juu, akaniwekea kidole pa kusaini. Nilijipangusa mkono kwenye majani, nikasaini nikiwa nimechuchumaa, karatasi ikiwa juu ya goti. Sikusoma. Kazi yangu ni kuwafundisha watoto kusoma swali mara mbili kabla ya kujibu, na siku ile sikusoma hata mstari mmoja.

Mama hakuwa mwepesi kama mimi.

"Na mimi nasaini nini?" aliuliza. "Mimi siendeshi."

"Ni kuonyesha kwamba umekubali kusafiri, mama," mdogo wangu akamjibu.

Mama akacheka, akasema basi nchi imeendelea kama bibi kizee siku hizi anaombwa ruhusa. Akatoa dole gumba. Mdogo wangu aliligandamiza kwenye wino, akaliweka kwenye karatasi, kisha akaupangusa ule wino kwa upindo wa kanga yake, taratibu, hadi kidole kikawa safi. Kaka alikuwa amekaa kizingitini, anatazama barabarani.

Tuliondoka Jumatatu asubuhi. Mama alikaa mbele pembeni yangu, amevaa gauni la kanisani na sweta, mkoba umepakatwa. Kutoka Kayanga hadi Kyaka alikuwa akinionyesha mashamba ya watu na kuniambia nani alimuoa nani. Tulivuka Mto Kagera, tukaanza kupanda, na tulipofika pale ambapo barabara inashuka kuingia Bukoba na ziwa lote linafunguka mbele yako, akaegemea mbele. Kisha akanishika mkono wa usukani, akaniomba nisimame. Nikaegesha pembeni. Alishuka, akasimama karibu na kingo ya barabara, malori yanapita nyuma yake, akatazama kwa muda mrefu.

"Kumbe bado ni kubwa," alisema.

Siku mbili za kwanza tulikaa Bukoba, karibu na maji, kwenye uwanja wa watu waliomfahamu mdogo wangu. Nilikuwa sijawahi kuishi ndani ya gari. Unajifunza haraka kwamba kila kitu kina mahali pake, na usipokirudisha pale unakikalia. Mama ndiye aliyetutawala. Alikaa mlangoni na jiko mbele yake, akatupikia ndizi na sato mbichi aliyemchagua mwenyewe kwa kumfunua mashavu, na kila mpita njia aliyetoa shikamoo alikaribishwa. Watoto walikuja kutazama gari lenye kitanda. Mama aliwaruhusu waingie wawili wawili, wavue viatu kwanza. Alasiri tulitembea mchangani polepole, yeye katikati, sisi tumemshika huku na huku, na magoti yake yakawa kama yamesahau maumivu.

Kila siku jioni kaka alipiga simu. Hakunipigia mimi, alimpigia mdogo wangu, naye aliinuka na simu yake akatembea ufukweni hadi sauti yake isisikike. Nilidhani ana matatizo na mchumba wake, nikamwacha. Simu ya mama, kile kitochi chake, mdogo wangu alikuwa amekichukua tangu siku ya kwanza. Alisema soketi ya kuchajia ndani ya gari ni mbovu, kwa hiyo amekizima ili chaji isiishe bure, na kaka akipiga atampa mama wazungumze. Alifanya hivyo kweli. Mama alimuuliza kaka kuhusu kuku na kuhusu paa, akaridhika.

Siku ya tatu tulipita Kemondo, na ya nne tukafika kwao mama. Hakukuwa na mtu wa kumpokea. Ndugu zake walikuwa wamekufa, watoto wao wamehamia mijini, na kwenye nyumba ya baba yake kulikuwa na watu wageni waliotukaribisha kwa heshima na kutupa kahawa ya kutafuna. Njia ya kwenda majini ilikuwa imehamishwa. Mama aliitafuta kwa kumbukumbu, akitupitisha nyuma ya mashamba ya watu huku akiomba radhi kwa Kihaya, mpaka tukatokea kwenye mwamba mpana uliolalia maji. Akasema hapo ndipo walipokuwa wakifulia, wasichana wote wa kilima kile. Alivua kitambaa chake cha kichwa, kilichokuwa safi kabisa, akainama akakifua. Mdogo wangu aliingia majini na sketi yake, akamvua mama viatu, akamwosha miguu. Alimsugua visigino kwa jiwe dogo, kimoja kimoja, na mama akafumba macho. Nilikuwa nimesimama juu yao nikiwapiga picha. Picha hiyo ninayo mpaka leo, na sijui niifanye nini.

Tulipanga kurudi siku inayofuata. Jioni ile kaka akapiga, na mara hii mdogo wangu akaniletea simu. Kaka alisema mbao zimechelewa, nyumba iko wazi, hakuna pa kumlaza mama. Ameshaongea na mwenye gari, amekubali.

"Ongezeni siku mbili," alisema. "Mpelekeni Chato. Akapaone na huko."

Mama hakutaka. Alisema ameliona ziwa, ameshukuru, sasa anataka kwenda kwake, na kama hakuna paa atalala kwa jirani. Mdogo wangu alimbembeleza akashindwa. Aliyefaulu ni mimi. Nilimwambia, "Mama, utarudi lini tena huku?" Aliniangalia, akatafakari, akasema basi, kwa kuwa ninyi mmependa.

Kwa hiyo tukaenda Chato. Barabara ni nzuri, na upande wa huko mchanga ni mpana. Nakumbuka tuliegesha mlango ukiwa unaangalia maji, mama akalala mchana bila wasiwasi, mapazia yanapepea. Mimi na mdogo wangu tulikaa nje kwenye mkeka tukichambua mchele. Kitanda kile cha pili tulikilalia sote wawili siku zote hizo, tumebanana kama tulipokuwa wadogo, naye alikuwa bado na tabia yake ya kunishika sikio akisinzia. Nilimwambia kwamba nilikuwa sijawahi kuwa na likizo kama ile. Akaendelea kuchambua. Baadaye akaniuliza swali ambalo sikulielewa.

"Dada, hata kitu kikiharibika nyumbani, si mama ameshafurahi?"

Nikamwambia paa likiharibika litatengenezwa. Akainamisha kichwa.

Tulirudi kwa njia ile ile, tukalala njiani, na siku ya saba kabla ya saa sita mchana tulikuwa tumefika Kyaka. Mama alikuwa nyuma kitandani, amevuta pazia, anapumzisha mgongo. Mdogo wangu alishuka kununua nanasi za kuwapelekea nyumbani. Mkoba wake aliuacha kwenye kiti, wazi, na kitochi cha mama kilikuwa juu. Niliona mama angependa kuwa na simu yake tukikaribia nyumbani. Nikaichomeka kwenye ile soketi iliyosemwa ni mbovu. Ikaanza kuchaji papo hapo. Nikaiwasha.

Haikupita muda ikaita. Alikuwa bibi jirani yetu, mjane kama mama, ambaye shamba lake limepakana na letu. Nilimwamkia. Alipotambua sauti yangu hakujibu salamu.

"Nimepiga tangu Jumanne," alisema. "Mmemhamisha mama yenu bila hata kuniaga?"

Nikamwambia hakuna aliyehama, tulikuwa tumemtembeza ziwani. Kisha akanieleza, taratibu, kama mtu anayeogopa kukanyaga kitu. Siku ya pili baada ya sisi kuondoka walikuja vijana na mapanga, wakakata migomba yote ya upande wa barabara. Mibuni waliing'oa kwa trekta. Sasa wanachimba msingi. Aliyekinunua kipande hicho ni mfanyabiashara, amesema atajenga maduka. Bibi alipouliza aliambiwa kwamba familia imekaa, imekubaliana, na mama anahamia kwangu Kyerwa.

Mdogo wangu alirudi na nanasi mbili kwenye mfuko. Aliponiona nimeshika kile kitochi alisimama. Sikupaza sauti. Nilimwambia jirani amepiga. Akaingia, akakaa, akaubamiza mlango kwa bega, na akaweka zile nanasi miguuni pake kwa uangalifu mkubwa.

"Ulijua?" nikamuuliza.

Alijibu akitazama mbele. "Tulitaka akute kumekwisha. Kaka alisema akiona wakikata atakufa."

Nilimuuliza kuhusu karatasi, kwa sababu tayari ilikuwa imenijia. Hakukataa. Alianza kusema mambo ambayo bila shaka walikuwa wameyasema wao wawili mara nyingi: kwamba mnyauko ungeimaliza ile migomba hata hivyo, kwamba mimi niko mbali na nakuja Krismasi tu, kwamba anayebeba mzigo wa mama ni kaka peke yake, kwamba paa ni la kweli, bati jipya, nitaliona. Kwamba na pesa za safari hii zimetoka humo humo, kwenye shamba lililouzwa. Hapo ndipo nilipoelewa tumekula nini wiki nzima.

Niliwasha gari. Niliangalia kwenye kioo mara kadhaa, nikaona pazia limetulia, nikamshukuru Mungu kwamba mama amelala. Nilikuwa nikitafuta namna ya kumwambia. Kila sentensi niliyoitunga ilianza na jina la mmoja wa watoto wake.

Tulifika saa tisa alasiri. Sikuhitaji kumwambia mtu kitu. Pale ambapo zamani ulikuwa ukiacha barabara na kuingia kwenye kivuli, palikuwa na jua. Udongo mwekundu ulikuwa umefunuliwa hadi karibu na nyumba, mitaro ya msingi imepigwa kamba, na mibuni imelundikwa pembeni, mizizi juu, mingine ikiwa bado na kahawa mbichi kwenye matawi. Juu yake nyumba ya mama ilionekana yote kutoka barabarani, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Paa lilikuwa linang'aa kiasi cha kuumiza macho.

Pazia lilifunguliwa nyuma yangu. Mama alikuwa amekaa, viatu miguuni, mkoba umepakatwa. Hakuwa amelala. Alikuwa amesikia yote tangu Kyaka.

Alishuka mwenyewe, hakutaka mkono wa mtu. Alitembea hadi kwenye lundo la mibuni, akasimama, akavunja kitawi kimoja na kukitazama. Kaka alikuwa anashuka kutoka kwenye nyumba, amevaa shati safi. Alimwamkia. Akaanza kumwonyesha paa, akaeleza kuhusu mbao, kuhusu mifereji ya maji na tangi. Mama alimsubiri amalize.

"Ungeniambia, ningekataa," alisema. "Ndiyo maana hukuniambia."

Kaka alisema, "Mama, nilifanya kwa ajili yako."

"Ulinipeleka ziwani kwa ajili yako," mama akamjibu, akapita, akaenda nyuma ya nyumba kwenye kaburi la baba. Alikaa huko hadi jua lilipopungua. Mdogo wangu aliondoka jioni ile na pikipiki, hakuaga. Gari nililirudisha Kayanga mimi peke yangu kesho yake. Kitandani nilikuta kitambaa cha mama, kile alichofua, kimekunjwa mara nne.

Kutoka kwa mwenye gari nilijua kwamba hakuwa ametaka saini za watu. Alinionyesha mkataba wake, una saini ya kaka tu. Bima yake haihusiani na majina ya abiria. Alinishangaa nikimuuliza mara mbili.

Jumanne nilikwenda na mama ofisi ya kijiji. Mtendaji alikuwa mgeni pale, kijana mwenye adabu, hakujua lolote. Alitoa faili akatusomea. Ulikuwa muhtasari wa kikao cha familia, kilichosemekana kufanyika nyumbani kwetu, kikiwa na ajenda moja. Ilielezwa kwamba mama alifungua kikao kwa sala. Ilielezwa kwamba mimi niliunga mkono hoja na kuahidi kumchukua mama akaishi nami. Chini kulikuwa na orodha ya waliohudhuria, na kweli saini yangu ilikuwa pale, na pembeni yake doa la utomvu wa ndizi. Chini yake dole gumba la mama.

Nilimwambia mtendaji kwamba kikao hicho hakikufanyika. Nilimweleza kuhusu gari, bahasha na bima. Nilijisikia mjinga nikieleza, mwalimu mzima. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema jambo hili ni zito, kwamba kama saini zilipatikana kwa udanganyifu linaweza kwenda baraza la ardhi na hata polisi, na waliofanya hivyo watajibu. Lakini kwanza lazima amsikie mama, kwa sababu ardhi ni yake. Akaisogeza ile karatasi mbele yake.

"Mama, hili dole gumba ni lako?"

Nilikuwa na hakika. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga kichwani tutakayosema barazani. Mama aliiangalia karatasi kwa muda, akaugusa ule wino kwa kidole kile kile.

"Ni langu," alisema.

Mtendaji akamuuliza kama aliliweka kwa hiari. Akasema aliliweka mwenyewe, hakushikwa mkono. Akamuuliza kama alijua anachokubali. Mama akasema, "Andika kwamba nilijua."

Nilimwita, "Mama." Hakunitazama.

Nje ya ofisi nilimuuliza kwa nini, na nilimuuliza vibaya, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake. Alisema migomba imekatwa, haitajirudisha kwa kuwa mwanawe amefungwa. Alisema amezaa watoto watatu na anataka wamzike wote watatu. Kisha akasema kitu ambacho nimekibeba tangu siku ile: kwamba mimi nina hasira kwa sababu nilidanganywa, na hiyo ni haki yangu, lakini yeye ndiye aliyenyang'anywa, na hajaniomba nimlipizie.

Nilirudi Kyerwa siku hiyo hiyo. Nilimsimulia mume wangu, akasema mama ana busara. Sikuzungumza naye hadi kesho yake. Nilijihisi nimesalitiwa na kaka, nikasalitiwa na mdogo wangu, na mwisho nikasalitiwa na yule ambaye nilikuwa nimesimama kumtetea, na la tatu ndilo lililoniuma kupita yote kwa sababu sikuwa na namna ya kulilalamikia. Mtu gani anamlaumu mama yake kwa kuwahurumia watoto wake?

Kinachonitesa si ardhi tu. Ni ile wiki yenyewe. Nikimkumbuka mama akisema ziwa bado ni kubwa, nakumbuka kwamba saa hiyo hiyo kaka alikuwa akipatana na wenye trekta waje kesho yake. Nikikumbuka mkono wa mdogo wangu kwenye sikio langu, najiuliza alikuwa akinipenda au akiomba radhi, au kama kwake vyote viwili ni kitu kimoja. Ninaamini alimwosha mama miguu kwa moyo wake wote. Hilo halinisaidii. Ningeweza kumchukia vizuri zaidi kama asingemwosha.

Mama bado anaishi Nyabiyonza. Maduka yamejengwa, manne, na moja linauza dawa za mifugo. Mwenye nayo ni mtu mwema, alikuja kumsalimu mama na kilo za sukari, akasema aliambiwa wenyewe wameridhika. Mama alimkaribisha chai. Mvua ikinyesha, bati jipya linapiga kelele kiasi kwamba tunalazimika kunyamaza hadi ipite, lakini halivuji. Nakwenda kila baada ya wiki mbili sasa. Kaka nikimkuta ananiambia karibu dada, nami namjibu ahsante. Tunaongea kuhusu dawa za mama na kuhusu migomba iliyobaki. Mambo mengine hatuyagusi. Aliwahi kujaribu mara moja, akiwa ananisaidia kupakia mkungu kwenye gari, akasema anajua ninavyomwona. Nilimwambia afunge buti.

Mdogo wangu hatukuonana kwa zaidi ya mwaka. Alikuwa akinitumia ujumbe sikukuu zikifika, nami nilikuwa nikiusoma na kuuacha. Mwaka huu binti yangu mkubwa amepata kipaimara. Mama aliniomba nimwalike shangazi wa mtoto na wajomba wote, na akatamka kwamba mama mdogo wa mtoto, yaani mdogo wangu, pia ni mtu wa kualikwa. Sikumwalika. Mama alimwalika mwenyewe.

Alikuja kanisani kwetu Nkwenda, akakaa benchi la mwisho. Nyumbani alisimama nje karibu na uzio kama mgeni asiyefahamika, ameshika zawadi ya mtoto, hadi binti yangu akamkimbilia na kumvuta kwa mkono. Amekonda. Nilimpakulia chakula kama nilivyowapakulia wengine, ndizi, nyama na wali, nikampa bila kukipunguza wala kukizidisha, naye akakipokea kwa mikono miwili.

Watu walipoanza kuondoka alinifuata jikoni, ambako vyombo vilikuwa vimelundikana. Alisimama mlangoni akakunja mikono ya gauni lake.

"Dada, nikusaidie kuosha?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, nimeyatunza kwa mpangilio, na nilitegemea siku nikimwona yatatoka yenyewe. Hayakutoka. Nilikuwa nimechoka, na sufuria zilikuwa nyingi. Nilimsogezea beseni na sabuni, mimi nikachukua la kusuuzia, tukaosha hadi vyombo vikaisha. Alipomaliza aliaga kila mtu, safari hii aliaga, akaenda kupanda gari la Bukoba, nami nikabaki nimekaa jikoni na mikono iliyolowa, nikiwa bado na hasira.

Mama aliingia, akaketi kwenye kigoda mkabala nami. Hakuniambia nimefanya vizuri. Aliniuliza kama kuna chai iliyobaki.